Barua ya wazi kwa wenye funguo za mto Rufiji

Kwenu Waheshimiwa Mawaziri wa Nishati, wa Maji, na wa Mifugo na Uvuvi. Kwenu Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Na kwenu mnaokaa zamu kwenye chumba cha kuendeshea mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere.

YAH: MAJI YA MSIMU KWA MAZIWA YA RUFIJI

Salaam nyingi ziwafikie. Mimi ni mchuuzi wa samaki wa maji baridi. Nanunua perege, kambale, kitoga na ngogo kwa wavuvi wa maziwa ya Rufiji, wabichi wakipatikana na waliokaushwa kwa moshi wasipopatikana, na nimekuwa nikisafirisha matenga hayo tangu ujana wangu. Naanza na ombi lenyewe, maana barua zinazochelewa kusema zinachotaka huishia kwenye faili.

Kila masika, mvua zikiwa zimenyesha vizuri huko juu, tunaomba mfungue maji mengi kwa siku kadhaa mfululizo, kwa tarehe mliyoitangaza mapema, mpaka mto uvuke kingo zake na kuingia kwenye maziwa. Kisha muyashushe polepole. Ni hilo tu. Boti za fiba na injini za mkopo tunawashukuru nazo, ila hazina kazi kwenye ziwa lisilo na samaki.

Najua wengi wenu mnaujua mto kwa namba za umeme: megawati 2,115, mitambo 9, kila mmoja megawati 235. Ni kazi kubwa na sisi tunajivunia. Taa zinawaka Ikwiriri kama zinavyowaka Dodoma, na majokofu ya samaki nayo yanataka umeme huohuo. Kwa hiyo asije mtu akasema mchuuzi huyu anapinga bwawa. Bwawa lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mapema 2024, na hakuna mvuvi mwenye akili anayefikiri litabomolewa. Tunazungumzia namna ya kuliendesha.

Niwaelezee mazingira ya huku, maana mtu akipita juu ya Daraja la Mkapa huona mto mmoja mpana wa tope na kudhani samaki wote wako humo. Sivyo. Kuanzia Mloka kuteremka kuelekea Utete na Ikwiriri, mto umeandamana na maziwa ya kudumu zaidi ya kumi: Mtanza, Lugongwe, Zumbi, Ruwe, Uba, Utunge na mengine ambayo ramani nyingi zinayaruka. Kati ya ziwa na ziwa kuna mikono ya zamani ya mto, vidimbwi, mabonde ya matete na mbuga zinazokauka kiangazi. Wavuvi wengi wa huku riziki yao iko kwenye maziwa hayo, na mto wenyewe wanauvuka tu au wanautegea pembeni. Lakini ziwa halijitoshelezi. Kila moja lina mlango wake wa kupokea maji ya mto, na kila mlango una kimo chake. Kuna ziwa linaloingiwa mto ukipanda kidogo tu, na kuna lingine linalosubiri mto uvimbe haswa ndipo lipate chochote.

Maji mapya yanapoingia, kambale ndiye mwenye haraka kuliko wote. Nyasi kavu zikishafunikwa, usiku huohuo anaparamia maji ya kina cha magoti kwenda kutaga. Mayai yanashika kwenye majani na vifaranga wanatoka ndani ya siku moja au mbili. Nyasi zilizozama huanza kuoza, hewa ndani ya maji inapungua, na samaki wengine wanahangaika; kambale yeye anapanda juu, anavuta pumzi, anaendelea na shughuli zake. Perege ni mpole zaidi. Dume anachimba kiota cha duara kwenye tope la maji mafupi, jike anataga, halafu anayakusanya mayai mdomoni na kuyatunza humo mpaka watoto waweze kujitegemea. Anahitaji maji yaliyotulia kwa wiki kadhaa. Wakati huo mbuga yote iliyofunikwa inakuwa chakula: mavi ya ng'ombe na ya viboko, wadudu waliozama, ukijani unaoota juu ya mabua. Mtoto wa samaki anakua humo kwa kasi ambayo kwenye ziwa lililofungwa hawezi hata kuikaribia, na matete yanamficha asiliwe.

Baadaye maji yanarudi. Samaki wanafuata mikondo kuelekea mtoni na kwenye maziwa, na hapo ndipo migono, nyavu na ndoana zinapata kazi. Nyuma yao mkulima wa mlau anapanda mahindi na maboga kwenye udongo ulioachwa na unyevu. Mafuriko hayohayo yanalisha watu wawili, na mara nyingi watu hao wawili ni mtu mmoja.

Mlango ukishafunga, ziwa linakuwa ghala lisiloingizwa kitu mpaka msimu mwingine. Mwaka mmoja bila mafuriko tunavumilia. Ikifuatana miaka kadhaa, perege wanaanza kuzaa wangali wa kiganja, kambale wanakuwa vichwa vikubwa na miili myembamba, na samaki wanaozoea kusafiri kati ya mto na ziwa hawaonekani kabisa. Maji yakinywea, mamba na viboko wanabanana na sisi kwenye shimo lilelile lililobaki. Akina mama wanaochota maji wanayajua haya kuliko ninyi na mimi. Vijana nao hawakai kungoja: wengine wanakwenda delta, kule mto unakomwagika baharini, wengine wanapanda Kilombero, na wengine, tusidanganyane, wanaingia kuvua kwenye maziwa yaliyo ndani ya hifadhi na kukamatwa na askari. Huko nako ni kesi, faini na uadui.

Sidai kwamba bwawa limekwisha kuyaua maziwa. Aprili 2024 mto ulifunika mashamba na vijiji vya Rufiji na Kibiti, maziwa yakajaa mpaka yakapoteza kingo. Hofu yangu ni ya miaka ya kawaida, ile ambayo mvua ni ya wastani na mto wa zamani ungepanda kiasi cha kutosha kuingia maziwani bila kubomoa nyumba ya mtu. Bwawa linaloweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 linaweza kuyameza mafuriko ya mwaka wa namna hiyo yote, yasibaki hata ya kulowesha mlango wa ziwa la chini kabisa. Msimamizi wa bwawa ataandika kwenye ripoti kwamba msimu ulikuwa mzuri, hakuna maafa, na akiba ya maji imepanda. Kwa upande wake atakuwa sahihi.

Kuna jambo la pili dogo, nalo halisemwi sana. Umeme unatumika zaidi jioni na unapungua usiku wa manane. Mitambo ikiwashwa na kuzimwa kwa kufuata matumizi hayo, mto hupanda na kushuka ndani ya siku moja, hata pale ambapo jumla ya maji kwa mwezi inaonekana nzuri kwenye karatasi. Kiota cha perege kilichochimbwa asubuhi kinabaki kikavu jioni. Mayai ya kambale yaliyoshika kwenye majani yanaanikwa juani. Mvuvi aliyetega pembezoni anakuta wavu wake unaning'inia kwenye matope. Kushuka kwa ghafla kunaudhuru uvuvi pengine kuliko uhaba wenyewe wa maji, kwa hiyo tunaomba muwe na kikomo cha kushusha mto kwa siku, hasa katika wiki za kuzaliana.

Sasa kuhusu nyavu, maana najua jibu litakalokuja kwanza: wavuvi wenyewe ndio wanaomaliza samaki. Ipo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, zipo Kanuni za mwaka 2009, yapo makokoro, timba na vyandarua vinavyokamatwa na kuchomwa moto. Sitetei chandarua. Kinachota kila kitu mpaka viluwiluwi. Tena niongeze lingine ambalo maofisa wengi hawalioni kwa sababu wanakuja kiangazi: wapo wanaoziba mlango mzima wa ziwa kwa wando, yaani uzio wa kunasia samaki, siku zilezile samaki wanapoingia kutaga. Hao ni wetu, tunawajua kwa majina, na vikundi vyetu vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vinapaswa kuwabana bila kuoneana haya. Lakini tazameni mpangilio wa mambo. Ziwa lisilopokea maji linapungua samaki. Samaki wakipungua mvuvi anapunguza tundu la wavu ili apate chochote. Akipunguza tundu anakamatwa, na takwimu inaandikwa kwamba uvuvi haramu umeongezeka Rufiji. Doria inakuta mwisho wa kisa.

Kwa sababu hiyohiyo nina wasiwasi na fikra ya kuchukua dawa ya ziwa moja na kumpa mgonjwa mwingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapumzike wazaliane. Kule yawezekana kabisa ina maana, kwani dagaa na migebuka wanazaa humohumo ziwani, kuna maji muda wote. Kwenye maziwa yetu ukimfunga mvuvi miezi mitatu na mto usipande, samaki waliomo watazeeka, wataliwa na mamba na ndege, na wa kuongeza hawatakuja. Mkitaka kufunga, fungeni kwa kufuata maji: siku za mwanzo za mafuriko milango yote iwe wazi bila wando wala wavu, na mwisho wa kiangazi yale mashimo ya kina yanayobaki yasivuliwe, ili samaki wazazi wabaki humo. Hayo mawili tutayasimamia wenyewe. La kupandisha mto hatuna uwezo nalo.

Mtasema maji ni ya umeme na taifa linahitaji umeme. Sheria yenu wenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inaweka mbele maji ya matumizi ya nyumbani, yanafuata maji ya kuhifadhi mazingira, na baada ya hapo ndipo shughuli za uchumi zinagawana kilichobaki. Maziwa ya Rufiji na delta yake yenye takriban hekta 53,000 za mikoko yasipoingia kwenye hilo fungu la pili, sijui ni nini kinachoingia. Delta nayo ina hesabu yake: kamba wa kule hutegemea maji baridi yanayoteremka wakati wa mvua, na ninyi mliiweka kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, mwaka 2004 pamoja na Mafia na Kilwa. Bonde la Kilombero, linaloleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, mlikuwa mmeliorodhesha miaka miwili kabla.

Na hili la kuachia maji kwa ajili ya viumbe si geni nchini. Kumbukeni maporomoko ya mto Kihansi. Mwaka 1996 walionekana vyura wadogo wa rangi ya dhahabu kwenye maporomoko yale, wanaoishi kwa ukungu wa maji tu, na hawakuwa wanajulikana kwingine popote duniani. Kituo cha umeme cha megawati 180 kilipoanza, maji mengi yalielekezwa kwenye mitambo na ukungu ukakatika. Serikali ikafanya nini? Ikaweka mabomba ya kunyunyiza maji kwenye miamba, kiasi fulani cha maji kikaachwa kipite kwenye maporomoko, na vyura mia kadhaa wakasafirishwa kwa ndege hadi Marekani wakatunzwe. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Mimi nilifurahi. Ila huku kwetu kuna mzee mmoja kila akisikia habari hiyo redioni hucheka, huuliza kama mvuvi naye inabidi awe wa rangi ya dhahabu.

Nje ya nchi pia wapo waliotangulia. Zambia walipojenga bwawa la Itezhi-Tezhi kwenye mto Kafue miaka ya 1970 waliliongezea ukubwa makusudi, ili mwezi Machi liweze kutoa mita za ujazo 300 kwa sekunde kwa wiki nne na kuyalowesha mabonde ya Kafue. Utekelezaji umekuwa na malalamiko yake, lakini angalau hesabu ya mabonde ilikuwemo kabla saruji haijamwagwa. Mauritania walifanya baada ya kuharibikiwa: bwawa la Diama lilikuwa limekata mafuriko kwenye mlango wa mto Senegal, wakaanzisha hifadhi ya Diawling mwaka 1991, na miaka michache baadaye wakaanza kuingiza maji kwa malango kwa msimu. Samaki walirudi, na nyasi, na ndege, na akina mama wanaosuka mikeka wakapata malighafi yao. Sisi bado tuko mahali pazuri kuliko Mauritania, kwa sababu bwawa letu ni jipya na kanuni za kuliendesha bado zinaweza kuandikwa vizuri.

Kuhusu gharama, nisiseme nisiyoyajua vizuri, ila hili lilitangazwa hadharani: mwaka 2024 baadhi ya vituo vya umeme wa maji vilizimwa kwa kuwa umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Maana yake kuna nyakati, na hasa za mvua, ambapo maji ya ziada yapo na swali ni lini na kwa mtindo gani yatoke. Mwaka wa ukame hatutaomba. Mto wa zamani nao ulikuwa na miaka ya kutupa na miaka ya kutunyima.

Limebaki la usalama, na hapa nataka nieleweke. Baada ya Aprili 2024 ubishi uliibuka kama yale yalikuwa mafuriko ya mvua au ya bwawa. Mimi sina vipimo vya kuuamua. Ninachojua ni kwamba Mrufiji hakimbii mafuriko yenye tarehe. Operesheni Rufiji ya mwaka 1969 ilikwisha kuwahamishia watu wengi maeneo ya juu, na walioko bondeni kwa msimu wanajua kupandisha chakula na kuku kwenye dungu (kibanda cha juu ya nguzo), kufunga mtumbwi karibu na kuvuna mapema. Kinachoua na kufilisi ni maji yanayofika usiku bila taarifa, au yanayofika mahindi yakiwa yamebakiza wiki mbili kukomaa. Tangazo la wiki tatu kabla, kupitia redio, misikiti, makanisa na watendaji wa vijiji, halina gharama ya kutisha serikali. Na kimo cha mto kikichaguliwa vizuri, maji yataingia milango ya maziwa yakiwa bado chini ya nyumba.

Kimo hicho ndicho hasa kinachotakiwa kupimwa, na kazi hiyo inaweza kuanza hata kiangazi hiki. Watumeni wataalamu wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) na wa Bodi ya Maji wapime mlango wa kila ziwa, mmoja mmoja. Wasije peke yao na vyombo vyao. Wafuatane na wavuvi, kwa sababu wavuvi wanajua mlango upi umejaa mchanga, upi umezibwa na magugu, na mafuriko ya mwaka gani yalifika wapi. Alama zipo kwenye mashina ya mivumo, mistari ya tope, na kila kijiji kina mtu wa kuzisoma. Kukipatikana vipimo hivyo, mtajua maji kiasi gani yanafungua maziwa matatu, kiasi gani yanafungua saba, na ni kiasi gani kingekuwa ni kuumizana. Mazungumzo baada ya hapo yatakuwa ya namba, si ya hisia zangu wala zenu. Milango iliyozibwa kwa mchanga tutaizibua kwa majembe yetu, na hilo vijiji vimekwisha kulifanya zamani bila posho.

Tunaomba mkutano Utete kabla ya mvua za masika, mkiwa mmekuja na ratiba ya maji ya mwaka mkononi, hata kama ni rasimu. Waalikeni wavuvi, wakulima wa mlau na watu wa delta, pamoja na madiwani ambao najua watakuja tu. Na kama uamuzi wenu kwa mwaka huu ni kwamba maji hayatafunguliwa, basi utangazeni kwa maandishi na sababu zake kufikia mwisho wa Februari, ili mvuvi aamue kama anunue nyuzi za wavu au mbegu, na mchuuzi kama mimi nijue iwapo niagize matenga mapya au nitafute mtaji wa samaki wa baharini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchuuzi wa samaki wa maji baridi,
Ikwiriri, Rufiji